Uzi maalumu: vichwa vya treni vilivyobeba maji mgongoni kama punda, kwenye reli ya futi saba

Mzee wa Taruma (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Leo sina siasa, sina mpira, na ninachokileta hakitakuongezea hata shilingi. Mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Chukua kitanda chako cha 6 kwa 6. Ukikiweka katikati ya reli yetu ya zamani, ile ya meta moja, hakiingii. Kwenye SGR yenye milimita 1,435 napo hakiingii. Sasa kuna reli ambayo kitanda hicho kingelala katikati ya vyuma viwili na bado ungebaki na nafasi ya kuweka kandambili zako. Upana wake futi 7 na robo inchi, milimita 2,140. Ilikuwa Uingereza, ya kampuni ya Great Western (GWR), na aliyeibuni ni mhandisi Isambard Kingdom Brunel. Kipande cha kwanza, kutoka Paddington mjini London hadi karibu na Maidenhead, kilifunguliwa Juni 1838. Mwaka 1841 ikafika Bristol.

Watu wakiizungumza reli ile husifia injini za mbio, zile zenye gurudumu moja kubwa la futi 8 kila upande. Mimi sizitaki hizo. Nataka nizungumzie vibarua wake: injini fupi, nene, ambazo tangi lake la maji limekunjwa juu ya boila na kushuka pande zote mbili, kama tandiko juu ya mgongo wa punda. Nitaziita tangi-tandiko. Nilifanya kazi ya boila za kiwandani miaka 31, siyo za treni, lakini moto, maji na chuma havibadiliki tabia kwa kuhamia kwenye magurudumu.

Madai yangu ndiyo haya: injini hizi zilizaliwa kulipa deni la kosa la mtu mwingine. Nakuja.

Kigoda cha Mbele

Nimeshakaa. Tiririka mzee.

Binti Chumbageni

Shikamoo mzee wangu. Swali kabla hujaendelea: maji mgongoni ya nini, wakati treni nyingine zina lile behewa dogo la makaa na maji nyuma?

Mzee wa Taruma

Marahaba mwanangu. Hapo ndipo penyewe.

Lile behewa dogo la nyuma huitwa tenda. Ni zuri kwenye safari ndefu kwa kuwa linabeba maji mengi. Lakini ni mzigo usiosaidia kuvuta. Kwenye tambarare hulisikii. Kwenye mlima unalivuta tani kwa tani, na halilipi nauli.

Ukiyatandika maji juu ya boila, uzito ule ule unakandamiza magurudumu ya kusukuma. Chuma juu ya chuma kinateleza, hasa reli ikilowa au ikiwa na majani. Uzito ndio unaofanya gurudumu ling'ate reli. Kwa hiyo maji yanafanya kazi mbili: yanasubiri kuwa mvuke, na huku yanasaidia kung'ata.

Ubaya wake upo pia. Kadiri unavyoyatumia, uzito unapungua, na kwa kawaida unapungua ukiwa katikati ya kilima, pale unapouhitaji. Halafu uzito umekaa juu, injini inakuwa kama mtu aliyebeba ndoo kichwani: inatembea vizuri, lakini usimpige kikumbo. Na maji yaliyo juu ya boila yanapata joto. Unaweza kudhani hiyo ni faida, na kwa pampu ya zamani ni sawa. Lakini ile injekta aliyoibuni Mfaransa Giffard mwaka 1858, inayosukuma maji ndani ya boila kwa nguvu ya mvuke wenyewe, haipendi maji ya moto. Inayakataa, inamwaga nje. Nimeshasimama mbele ya injekta ya kiwandani iliyogoma saa nane za mchana, tangi liko juani, shifti nzima inanitazama mimi. Tuliishia kulimwagia tangi maji ya baridi kwa ndoo. Dereva wa tangi-tandiko alijua hali hiyo.

Mhasibu wa Kariakoo

Mzee umesema kosa la mtu. Tutajie mtu.

Mzee wa Taruma

Brunel huyo huyo.

Kusini magharibi ya Uingereza kuna Devon, na kampuni ya South Devon ilitaka kufikisha reli ya futi saba kutoka Exeter hadi Plymouth. Kuna vilima pale. Brunel akasema hatuhitaji injini kabisa. Tutalaza bomba katikati ya reli, tutajenga nyumba za pampu kila baada ya maili tatu hivi, zivute hewa iliyomo bombani, na pistoni iliyofungwa chini ya behewa la mbele ivutwe na ombwe hilo. Treni isiyo na kichwa! Na kwa vile haina kichwa cha kubeba, itapanda kilima chochote. Kwa hiyo njia ikachorwa na miinuko ambayo mhandisi mwingine angeizunguka. Dainton, sehemu mbaya zaidi, inapanda futi moja kwa kila futi 36 hivi. Hemerdon ni moja kwa 42. Kwa reli ya chuma huo ni ukuta.

Bomba lilihitaji mpasuo juu, ili mkono wa pistoni upite, na mpasuo huo ulifunikwa kwa ulimi wa ngozi uliopakwa mafuta ya mnyama. Ngozi ilikauka, ikapasuka, ikaoza kwa kutu. Hewa ikawa inaingia kila mahali, pampu zinahema usiku na mchana bila faida. Abiria walianza kusafiri kwa upepo Septemba 1847, na Septemba 1848 mambo yakafungwa. Mwaka mmoja tu.

Sasa sikilizeni kichekesho chenyewe. Upepo ule uliishia Newton Abbot, kwenye kipande cha pwani ambacho ni tambarare. Vilima vya Dainton, Rattery na Hemerdon, ambavyo ndivyo vilivyochorewa mfumo ule, havikuwahi kupandwa kwa upepo hata siku moja. Walioachiwa vilima ni injini za mvuke.

Kigoda cha Mbele

Yaani jamaa kachora ngazi kwa ajili ya lifti, lifti ikafa, watu wakabaki kupanda na magunia 😂

Mzee wa Taruma

Umemaliza kila kitu wewe.

Aliyepewa magunia ni Daniel Gooch. Brunel alimchukua GWR mwaka 1837 akiwa hajatimiza miaka 21, amkabidhi injini zote. Mwaka 1849 Gooch alitoa injini mbili za majaribio, Corsair na Brigand: tangi-tandiko, magurudumu manne madogo mbele na manne makubwa ya kusukuma, yaliyofungwa pamoja kwa fimbo. Yale manne ya mbele yalikuwa kwenye boji, yaani kigari kidogo kinachogeuka juu ya kiungo cha mpira na kikombe, kama nyonga ya binadamu. Vilima vya Devon vina kona nyingi, injini ndefu isiyojikunja ingelazimisha njia kila mahali. Na kwa GWR boji ilikuwa jambo geni kabisa wakati huo.

Kisha kwa South Devon zikaja za mtindo huo huo kuanzia 1851, kundi la Comet, kumi na mbili, magurudumu ya kusukuma yakiwa na kipenyo cha futi 5 na inchi 9. Gurudumu dogo ni sawa na gia ndogo ya baiskeli. Hupati mbio, unapata nguvu. Za mizigo zikaja na magurudumu sita, yote ya kusukuma, hakuna hata moja la kutembea bure.

Na hizi hazikuwa za kusogeza mabehewa uani. Kwingine duniani tangi-tandiko ni injini ya bandarini na ya mgodini. Huko ng'ambo ya Newton Abbot, abiria waliotoka London kwa treni za heshima walivutwa na hizi hizi, kilima baada ya kilima, mpaka Plymouth na baadaye mpaka Cornwall.

Nahodha Mstaafu

Mzee Taruma, umesahau zile za kampuni ya Bristol na Exeter zenye gurudumu la futi 9. Zile nazo zilikuwa tangi-tandiko, na zilikimbia kuliko zote.

Mzee wa Taruma

Nahodha, heshima yako, lakini hapo hapana. Zile za James Pearson za miaka ya 1853 na 1854 zilikuwa injini za tangi kweli, bila tenda, na gurudumu la futi 9 ni kweli. Ila maji hayakuwa juu ya boila. Yalikaa chini na nyuma. Tandiko hazikuwa nalo. Moja ya familia hiyo iliacha njia Long Ashton, karibu na Bristol, Julai 1876, ikivuta treni ya Flying Dutchman. Dereva na mtia makaa walikufa, na baada ya hapo GWR ikazijenga upya zikawa na tenda.

Nahodha Mstaafu

Nimekubali, nilichanganya. Lakini kwa kuwa umegusa ajali, tangi-tandiko nazo zina yake. Simulia ya Elk.

Mzee wa Taruma

Sikutaka kuanza nayo. Basi.

Reli ya Cornwall ilifunguliwa Mei 1859. Tarehe 2 Mei mume wa Malkia Victoria, Prince Albert, alizindua daraja la Saltash, kazi kubwa ya mwisho ya Brunel. Brunel mwenyewe alikuwa mgonjwa, hakuwepo. Abiria wa kawaida wakaanza kusafiri tarehe 4. Tarehe 6 jioni, siku ya tatu, treni iliyotoka Plymouth ikaacha njia karibu na daraja la miti la Grove, kabla ya St Germans. Kichwa chake kilikuwa tangi-tandiko mpya iliyoitwa Elk. Ikaanguka chini kwenye tope la mkono wa bahari, na mabehewa ya mbele pamoja nayo. Dereva, mtia makaa na gadi wakafa.

Mnaojua tope la mikoko mtaelewa. Maji yakipwa, chuma kizito kikiingia mle hakitoki kwa kamba. Lakini waliitoa, wakaitengeneza, na ikarudi kazini.

Binti Chumbageni

Mungu awarehemu. Siku ya tatu tu ya njia!

Mzee, hayo majina. Hawakuwa na namba?

Mzee wa Taruma

Hapa utacheka. Reli pana ilipenda majina. South Devon na wenzao wa Cornwall waliendelea na majina matupu mpaka GWR ilipowachukua mwaka 1876, ndipo zikapigwa namba kuanzia 2096. Kabla ya hapo ukienda stesheni unaambiwa leo unavutwa na Simba. Kweli kabisa, kulikuwa na Lion. Kulikuwa na Giraffe na Antelope, zote tangi-tandiko za abiria. Kwenye za mizigo kulikuwa na Buffalo, Camel na Elephant. Twiga, swala, nyati, ngamia na tembo, wote wanapanda Dainton kwenye mvua ya Devon, wanamwaga moshi. Mnyama pekee aliyestahili kupewa jina, yaani punda, sijamwona kwenye orodha.

Mhasibu wa Kariakoo

Mimi nitakuwa mkorofi kidogo. Ukitazama hesabu, Brunel alikuwa sahihi kwenye upana. Reli pana ilikuwa na mbio, ilikuwa tulivu, ilibeba zaidi. Kilichoiua ni siasa na wingi wa wapinzani.

Mzee wa Taruma

Sehemu ya kwanza nakubali bila ubishi. Bunge lilipounda tume ya upana wa reli mwaka 1845, injini ya Gooch iitwayo Ixion iliwaacha wale wa reli nyembamba (milimita 1,435, kama SGR) mbali. Lakini tume ikahesabu maili: nyembamba karibu 1,900, pana 270 na kitu. Sheria ya 1846 ikasema njia mpya za abiria ziwe futi 4 na inchi 8 na nusu, isipokuwa Bunge liruhusu vinginevyo.

Hiyo siyo siasa tu, mkuu. Nenda Gloucester ya wakati ule, mahali reli mbili zilipokutana. Kila gunia, kila kreti ya kuku, kila fanicha inashushwa upande huu na kupakiwa upande ule. Vikombe vinavunjika, nyama inaoza, wapagazi wanapiga kelele. Mbio zako za maili 60 kwa saa zina faida gani kama mzigo unalala Gloucester?

Fundi wa Ifakara

Mzee hapo umenigusa. Kidatu ni hivyo hivyo. TAZARA ni milimita 1,067, reli ya kati ni 1,000, tofauti ni kama urefu wa kidole gumba tu na bado mzigo lazima uhamishwe. Nimeona makontena yanahamishwa pale. Wageni huwa hawaamini kuwa sentimeta saba kasoro zinaweza kusimamisha treni nzima.

Mzee wa Taruma

Asante Fundi. Wao tofauti yao ilikuwa zaidi ya sentimeta 70.

Basi reli pana ikaanza kuliwa kidogo kidogo. Wales Kusini ilibadilishwa Mei 1872. Kwingine wakaweka chuma cha tatu ili treni zote mbili zipite. GWR ikaanza kujenga injini zenye nia mbili: fremu ya kipimo chembamba, magurudumu yamewekwa nje ya fremu. Siku ya kubadilika ikifika, unayaingiza magurudumu ndani ya fremu na maisha yanaendelea. Tangi-tandiko zilikuwemo kwenye mpango huo. Zile za kundi la 3521, za 1887 na 1888, zilikuwa na sifa mbaya ya kuyumba, na zilipofanywa za reli nyembamba ziliendelea kuyumba. Mwaka 1895 mbili zilikuwa zimefungwa pamoja kwenye treni moja, zikaacha njia karibu na Doublebois kule Cornwall. Baadaye zikajengwa upya kuwa injini za tenda, tandiko likavuliwa.

Mwisho ulikuja Mei 1892. Tarehe 20, Ijumaa, treni za mwisho za reli pana ziliondoka Paddington. Kisha wanaume zaidi ya 4,000 wakasambazwa kwenye maili 171 za njia kati ya Exeter na Cornwall, wakawa wanalala kwenye maghala ya mizigo na stesheni. Reli ya Brunel haikulala juu ya mataruma ya kukatisha kama yetu. Ililala juu ya magogo marefu yanayofuata reli yenyewe, yaliyoshikwa na miti ya kukatisha kila baada ya hatua kadhaa. Kwa hiyo kazi ilikuwa kuikata ile miti kwa kipimo kipya, kusukuma gogo moja na reli yake kuelekea lenzake, kufunga, na kusonga mbele. Kokoto zilishachimbuliwa mapema, boliti zilishatiwa mafuta. Kampuni haikutaka pombe njiani, ikawapa uji mwembamba wa oti. Jumatatu tarehe 23 treni zikapita kwenye kipimo kipya.

Gooch hakuyaona hayo. Alifariki Oktoba 1889.

Kigoda cha Mbele

Na hizo injini zikaenda wapi?

Mzee wa Taruma

Swindon, kwenye karakana kuu. Walitandika maili nyingi za reli za muda uwanjani, injini na mabehewa vikapangwa mkia kwa kichwa vikisubiri. Zenye nia mbili zikabadilishwa. Nyingine zote, nyundo na tanuri. Hata zile za mbio mbili zilizohifadhiwa kwa heshima, North Star na Lord of the Isles, zilivunjwa mwaka 1906 kwa kuwa zilichukua nafasi.

Tangi-tandiko ya reli pana ya Brunel iliyobaki duniani: hakuna. Hata moja.

Nahodha Mstaafu

Mbona ipo moja Buckfastleigh, kule Devon?

Mzee wa Taruma

Nilijua utaileta hiyo, na ndiyo sababu ya uzi huu. Ile ni Tiny. Imejengwa 1868 na kampuni ya Sara ya Plymouth kwa ajili ya South Devon. Ndiyo injini pekee halisi ya reli pana iliyobaki, lakini siyo tangi-tandiko. Boila yake imesimama wima.

Binti yangu anaishi Uingereza, mwaka juzi nilikwenda kumtembelea nikamwomba anipeleke. Ni kadogo, wakuu. Boila imesimama kama pipa la maji kwenye kona ya uwanja wa jirani. Ilifanya kazi uani Newton Abbot, na mwaka 1883 ikatolewa njiani ikawekwa kuendesha pampu. Ilipona kwa kuwa ilikuwa pampu. Nilisimama mbele yake nikanyoosha mikono yote miwili, gurudumu hadi gurudumu, sikufika. Mlinzi akaja kuniuliza kama nahitaji msaada.

Binti Chumbageni

😂😂 Mzee wangu jamani.

La mwisho: nimewahi kuona picha za injini za GWR zenye matangi mawili ubavuni, yananing'inia bila kugusa chini. Hizo nazo ni tandiko?

Mzee wa Taruma

Hapana, na Kiswahili kina neno lake tayari. Hizo ni shogi. Unayajua yale makapu mawili ya ukindu yanayoning'inia mbavuni mwa punda? Ndiyo hayo. GWR ilianza kujenga matanuri (sehemu ya boila inayowaka moto) yenye paa bapa badala ya duara, na tandiko la duara haliwezi kukaa vizuri juu ya paa bapa. Wakalipasua mara mbili wakalitundika ubavuni. Tangi-tandiko nyingi za zamani, zikiwemo za lile kundi la 1076 lililojengwa kuanzia 1870, zilivuliwa tandiko zikavishwa shogi, zikaendelea na kazi karne iliyofuata.

Fundi wa Ifakara

Mzee, wiki ijayo nina safari ya Kidatu. Unataka picha ya ule uwanja wa kuhamishia mizigo?

Mzee wa Taruma

Nataka. Na ukipata nafasi, weka futi ya kupimia chini ionekane kwenye picha.